Maharage ya Ukweni na Kigoda cha Mlangoni

Msinicheke, au chekeni tu, maana hata mke wangu Yustina akikumbuka nilivyokuwa siku ile hucheka mpaka mwiko unamponyoka kwenye ugali, ila mimi nikikumbuka kile kigoda cha mlangoni mwili unanisisimka, aibu na woga vinanipata kwa pamoja.

Kwanza mjue maharage siyawezi. Sisi Waha mboga yetu ndiyo hiyo, na Muha asiyekula maharage, jamani! Nikiyaonja tu midomo inavimba na mwili unawasha, ndiyo maana nyumbani Kumsenga mama alikuwa akinipikia dagaa kwa mawese katika chungu changu, na mwiko wangu, na nikikosea ananichemshia mubirizi, yale majani machungu, nakunywa napona. Sasa siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Yustina nililala Kasulu kwa baba mdogo, asubuhi nikawaza: mtu anakwenda kuomba mke halafu anakataa chakula, si watasema ana maringo, wakaninyima binti? Nikaona bora niwahi, ninywe mubirizi kabla. Nyuma ya nyumba ukungu ulikuwa mzito, nikachuma kwa kupapasa, na majani mapana ya pale jalalani nikayaongeza (eti majani mengi ndiyo nguvu nyingi!). Kumbe nimechuma mnanaha, ule unaotia watu wazimu. Nikachemsha, nikanywa kikombe kizima, wala sikumwambia mtu.

Tulipofika kwa wakwe, mimi na baba mdogo (walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kagerankanda, nyumba zimepangwa mstari, nyasi za paa bado mbichi) koo lilishakauka na mwanga wa mlangoni unanichoma macho. Nikapiga makofi ya salamu, "Mwakeye!", nikamsalimia kila mtu, kisha nikachuchumaa mbele ya kigoda cha mlangoni nikaanza zile salamu ndefu za heshima, habari za ng'ombe, habari za mvua, nanyamaza, nasikiliza, naitikia. Watu wakaangua kicheko. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Kijana wako amekunywa nini?" baba yake Yustina akamuuliza baba mdogo.

"Uchovu wa safari tu, mzee mwenzangu," akajibu, huku ananikanyaga mguu.

Maharage yakaja, chungu kizima, mama mkwe amenikazia macho. Nikala. Dawa yenyewe haikusaidia kitu, midomo ikaumuka kama maandazi, na kwa midomo hiyohiyo nikasema kwa sauti, "Jamani, mbona huyu mzee hamumpi chakula?"

"Mzee yupi?"

"Huyu wa blanketi jekundu, aliyekaa kigodani, asiye na kidole gumba. Ana tope mpaka magotini. Anasema mlipohama hamkumuaga."

Yustina alikuwa ameshika kibuyu cha pombe ya ndizi, kikamponyoka. Bibi yake akauliza taratibu, "Gumba la mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akaanza kulia. Alikuwa mumewe, amezikwa kwenye mji wao wa zamani kule bondeni, na lori la kuwahamisha lilipokuja walipakia vitu mbiombio, hata hawakupita kaburini kumwambia. Mimi mzee huyo sikuwahi kumwona, wala Yustina hakuwahi kunisimulia habari za kidole.

Nilivyotapika uani mbele ya mama mkwe hayo niacheni nayo. Baba mdogo alinirudisha akinishika mkono kama kipofu, nami nikajua posa imekufa na Yustina nimemkosa. Kesho yake wanaume wa kwao wakaenda bondeni, wakakuta kijito kimeacha njia yake, maji ya tope yamesimama juu ya kaburi. Wakamhamisha mzee wao. Ndipo wakatuma ujumbe: kijana aje, tuzungumze mahari.

Tangu hapo nimeapa, jani nisilolijua silichemshi, na nyumba yoyote nikifika nasema mapema, bila haya, maharage ni mzio wangu, nipeni hata ugali na chumvi. Ukweni siku hizi wananipikia dagaa. Ila kile kigoda wanakiacha palepale mlangoni, na kila nikienda, kabla sijakaa, bibi hunisogelea akanong'ona, "Yuko?"

Namjibu, "Hayupo, bibi." Namjibu bila kuangalia mlangoni, maana naogopa.