Ripoti Ambayo Hakuna Aliyeifungua

Saa mbili kasoro asubuhi. Mtunza maktaba wa taasisi ya utafiti anashuka ngazi kwenda chumba cha chini, anawasha taa, kisha anaanza kupangusa rafu ambazo hakuna mtu anayezigusa.

"Watafiti wetu wanaogopa vumbi," anasema, akicheka kwa shida. "Huku chini ni mimi na mafua yangu."

Ana miaka hamsini na minane. Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia humu. Mwaka jana alimzika mdogo wake, kitindamimba wao, fundi viatu mwenye maneno mengi aliyekuwa akiugua figo. Hospitalini alipewa dawa ya maumivu ambayo mwongozo wa madaktari ulisema ni salama kwa kila mgonjwa. Siku ya sita akakata roho.

Dada mtu hakukubali yaishe hivi hivi. Aliutafuta mwongozo ule, akafuata vyanzo vyake. Makala moja ilinukuu nyingine, nayo ikanukuu nyingine, hadi zikafika kumi na moja. Zote zilitaja ripoti ya watafiti waliojaribu dawa hiyo mara ya kwanza, ukurasa wa 212.

Ripoti yenyewe ina kurasa 96.

"Nilizihesabu kurasa mara mbili," anasema. "Kumbe walikuwa wananakiliana tu!"

Ukurasa wa 17 unasema wazi kwamba wagonjwa wa figo hawakuhusishwa katika majaribio, na wasipewe dawa hiyo.

Na ripoti ilikuwa humu humu, rafu ya tatu. Kadi yake ya kuazima haina jina hata moja. Inauma, na hakuna maneno ya kuipunguza.

Aliliandikia jarida la kitabibu lililochapisha makala hizo barua nne. Mhariri akampigia simu: "Mama, makala hizo zimeandikwa na wataalamu."

"Sawa, mwanangu. Basi wanionyeshe huo ukurasa wa 212."

Mhariri akaahidi kuutafuta. Wiki iliyopita jarida lilikubali kuchapisha sahihisho.

Kilichobaki ni kigumu zaidi. Wifi yake, mjane wa marehemu, hajui ripoti ilikuwa wapi.

"Sahihisho likitoka, nitampelekea mwenyewe," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nitamwambia, wifi, ilikuwa kwenye rafu yangu miaka yote, na mimi pia sikuifungua. Akinifukuza, nitaondoka. Ila sitaki alisikie jambo hili kwa mtu mwingine."