Mazabodi ya Miaka Ijayo

Mdogo wangu alirudi nyumbani Bugene mwishoni mwa miaka ya tisini akiwa na begi moja la nguo, kompyuta iliyofungwa ndani ya blanketi, na jenereta ndogo ya petroli. Kule Mwanza alikuwa fundi wa mashine za maofisini, na jioni wenzake walipokwenda baa yeye alibaki akicheza michezo ya kompyuta: mbio za magari, ndondi, ndege za vita. Hakuwa mlevi wala mhuni. Nalisema hilo kwa sababu watu walisema mengine, na hadi leo nikiyakumbuka damu inanichemka. Aliposhuka kwenye basi alikuwa amekonda kiasi kwamba mama alimpita, akaendelea kumtafuta mwanawe kati ya abiria.

Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Miaka ile hapakuwa na ukoo ambao haukuwa umezika kijana wake kibanjani, shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni, na bado jina la ugonjwa lilikuwa halipiti mdomoni mwa mtu. Ilisemwa kwamba amechoka, kwamba anapumzika, kwamba kifua kinamsumbua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo, nilikuwa nimesoma kila karatasi iliyoletwa shuleni kuhusu jambo hilo, nami nilisema anapumzika kama wengine wote.

Kilichonitia hofu hakikuwa kukonda kwake, bali namna watu walivyomsema. Walikuja kumjulia hali, wakaketi, wakapewa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote kwetu, kisha wakamzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Jirani mmoja mzee aliyetoka kijiji cha Kanoni alimwambia baba, "Alikuwa mtoto mwenye adabu." Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani karibu na miguu ya mzee huyo, anamenya chungwa. Mwingine akauliza kama alikuwa anapenda maziwa. Nilimtazama nione kama atajibu mwenyewe, lakini alikula chungwa lake, akaweka mbegu kiganjani.

Baba naye, asubuhi moja, aliwaita kaka zetu wakubwa akawagawia kibanja. Akapanda miche ya omuramura kuonyesha mipaka, kama baba zake walivyofanya. Mimi mwanamke sikutegemea kitu. Ila nilipopita pale na ndoo ya maji nilifuata ile miche kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kipande cha mdogo wangu hakikuwepo. Jioni tulikula ndizi zetu kama kawaida.

Yeye alikuwa kwenye chumba cha nyuma. Mchana alifunga dirisha ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri, na ule mwanga wa buluu ukampiga usoni penye mifupa. Watoto waliotoka mafundisho ya kanisani walikuja kuchungulia kwenye nyufa, wakamwona, wakakimbia wakipiga kelele kwamba kuna omuzimu. Yeye alicheka. Mimi niliwafuata na fimbo hadi barabarani, na Jumatatu darasani niliwakumbusha.

Mashine ile ilikuwa na tabia moja: ukiiacha bila kuigusa, mchezo ulianza kujicheza wenyewe, ili kukuonyesha jinsi unavyochezwa. Siku moja alipitiwa na usingizi huku jenereta ikinguruma nje. Mama akaingia, akakuta mwanawe amelala na mabondia wawili wanatwangana kwenye kioo. Mama hakupiga kelele. Alitoka taratibu, akarudi na kisahani cha kahawa ya kutafuna, akakiweka mbele ya kibodi, akapiga magoti na kumwamkia mgeni kwa Kinyambo, kwa sauti aliyoitumia kwa wakwe tu. Mdogo wangu akaamka, akamwambia hakuna mtu. Mama akamuuliza, kama hakuna mtu, ni nani anayepigana.

Alinisimulia akicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mimi nilicheka pia, ila kicheko changu kilikatika upesi. Kuanzia siku hiyo mama hakuingia tena chumba kile bila kupiga hodi, hata mwanawe alipokuwa macho, hata alipokuwa peke yake na mashine imezimwa. Alisimama mlangoni, akasema hodi, akasubiri.

Kisha rafiki yake wa Mwanza akamletea mchezo mpya, na mashine yake ya zamani ikaushindwa. Picha ziliganda, gari likatoweka barabarani, kioo kikawa cheusi. Alijaribu kwa siku kadhaa, kisha akaamua ataunda kompyuta nyingine: kasha, kioo na kibodi vitabaki vile vile, ila prosesa na mazabodi ziwe mpya. Mimi nilikuwa naenda Mwanza wakati wa likizo kwa shughuli zangu, kwa hiyo akanifundisha cha kununua. Alinifundisha kwa ukali kuliko ninavyofundisha mimi.

Prosesa, alisema, ndiyo inayofikiri. Mazabodi ni lile bamba kubwa ambalo kila kitu huchomekwa juu yake, kama kibanja kinavyobeba migomba. Ukiwa na mazabodi nzuri unaweza kung'oa prosesa ya leo na mwakani ukapachika yenye nguvu zaidi. Lakini zipo mazabodi ambazo zimefika mwisho: zinakubali prosesa ya leo, hata yenye nguvu kabisa, na baada ya hapo hazikubali nyingine. Akiba yake ilitosha njia moja tu. Ama achukue prosesa kali juu ya bamba lililofika mwisho, acheze vizuri sasa hivi, ama achukue prosesa dhaifu juu ya bamba la miaka ijayo, avumilie.

Akanitazama moja kwa moja. "Niletee ya miaka ijayo," alisema. "Mwakani tutabadilisha prosesa, na mwaka unaofuata tena."

Nikaitikia. Nilipogeuka kutoka chumbani nilikuwa nimeuma mdomo, kwa sababu nilijiambia maskini hajui.

Duka la Mwanza lilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya risasi ya kulehemu. Muuzaji aliweka maboksi mawili juu ya meza. Kwa michezo, alisema, angenishauri ile yenye prosesa kali, ila nijue kwamba bamba lake limefika mwisho. Kisha akaniuliza, bila nia mbaya yoyote, kama watu wa duka wanavyouliza: "Mwenyewe ataitumia kwa muda gani?"

Nilijua jibu, na jibu lilikuwa boksi la kushoto, lile lenye prosesa kali. Acheze vizuri wiki zilizobaki, gari lisigande, apate raha yake. Lakini nikamwona akilifungua boksi, akiligeuza lile bamba, akisoma maandishi yake madogo, na akielewa kwamba hata mimi nimepanda omuramura nikamwacha nje. Nyumbani kulikuwa na watu wa kutosha waliokwisha kumzika. Nilimjibu muuzaji kwamba ataitumia miaka mingi sana, na nilijibu kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika chepe. Nikabeba boksi la kulia.

Nilifika Bugene mchana wa jua kali. Mdogo wangu alikuwa kitandani, mlango wazi. Akapokea boksi, akalifungua kwa vidole vilivyokuwa vimebaki kama vijiti, akaitoa mazabodi na kuielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Aliitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama na vumbi langu la safari, nasubiri atabasamu.

Hakutabasamu. Aliinua macho akanitazama kwa huruma, na huruma ile sijawahi kuisahau. Akaiweka mazabodi juu ya mfuko wake. Kisha akainuka kitandani, yeye ambaye kwa siku nyingi alikuwa anainuliwa, akavuta kigoda akakiweka karibu yangu.

"Keti, dada."

Nikaketi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula njiani. Akasema chakula cha njiani si chakula, akamwita mama alete ndizi na maharage, na akakaa akinisubiri nile. Akanipa maji mwenyewe, akisubiri kikombe kiishe. Nilikuwa nameza kwa hofu, kwa sababu kwetu aliyetoka safari haambiwi habari za msiba akiwa mlangoni. Anaketishwa, analishwa, anapewa maji, ndipo mtu mmoja aliyechaguliwa anamwambia. Nikaanza kutafuta nani amekufa. Nikasikia kikohozi cha baba nyuma ya nyumba. Nikasikia mama anasugua sufuria. Nikasikia kaka zangu wanabishana kibanjani. Wote walikuwepo.

"Kumbe hawakukuambia," mdogo wangu alisema.

Nikamuuliza nini.

"Nilidhani unajua. Nilikuagiza hii ili nisikuharibie safari. Nikasema, kama anajua hatanisikiliza, ataniletea ile yenye nguvu." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Mimi sitafika mwakani. Pole sana, dada."

Alinipa pole kama anavyopewa mfiwa, kwa kuinamisha kichwa. Neno najua lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu aliposhuka kwenye basi, kama mama, kama baba, kama kijiji kizima. Lakini halikutoka. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyekuwa amelisema kwa sauti, na lilipokuja lilinikuta kama habari mpya. Nikalia. Sikulia kwa adabu. Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo.

Mama alilisikia jikoni. Hakuja kuuliza. Alidondosha sufuria akalipokea yowe lile pale pale alipokuwa, kwa lile lililomjaa kifuani tangu siku ya basi, na baba akatokea nyuma ya nyumba bila kofia. Kilio cha namna ile mchana kina maana moja tu kwetu, na wala hakihitaji mjumbe. Majembe yakaachwa kibanjani. Wakaja kwa njia zote, wanawake wamejifunga kanga viunoni wakilia kutokea mbali, wanaume wamebeba kuni, na wengine tayari walikuwa na majani ya kutandika sakafuni kwa ajili ya kulaza wafiwa.

Mdogo wangu akasikiliza. Akaniachia mkono, akajifunga shuka vizuri, akaenda akishika ukuta mpaka mlango wa mbele. Nilimfuata nikiwa bado nalia. Watu walipomwona amesimama kizingitini kilio kikakatika, na mmoja akadondosha kuni zake. Kila mmoja akawa anamtazama, kisha anatazama nyuma yake ndani ya nyumba, akitafuta maiti.

Akawanyooshea mkono. Aliwaamkia mmoja baada ya mwingine, shikamoo, kwa jina la ukoo wa kila mtu, na hakumwachia yeyote mkono wake mpaka aitikie.