Yai Ndani ya Rejeta

"Usiguse hicho kifuniko! Unataka kuungua uso?"

Mwenye gari anarudisha mkono haraka. Boneti iko wazi, mvuke unafuka, na mwanamke mwenye ovaroli iliyolowa mafuta hadi kwenye kola anajipenyeza kati ya mwenye gari na injini. Gari lenyewe ni la zamani, lina umri wa kuoa. Limeingia gereji likivutwa kwa kamba.

Wateja humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alishika spana akiwa msichana, akimsaidia baba yake. Baba alipofariki, alibaki na gereji pamoja na mdogo wake wa kiume, akamfundisha kazi yeye mwenyewe.

Injini inapopoa, anafungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, kwa kitambaa kizito, ananusa, anakunja uso. Anachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili, imeungua," anasema. "Lilianza lini kuchemsha?"

"Mwezi uliopita lilikuwa linadondosha maji kidogo tu," anajibu mwenye gari. "Nikalileta hapahapa. Wewe ulikuwa umesafiri. Mdogo wako akanihakikishia limepona."

Shangazi anainama tena kwenye injini. Anafungua mpira wa juu wa maji. Pale panapokaa themostati, ile vali inayoamua maji yapite lini, pako wazi. Imeng'olewa. Anaingiza kidole kwenye rejeta, kinatoka na utando mweupe.

Yai.

Kwa wasiojua, huu ndio ujanja unaoua magari yetu kila siku. Fundi anapasua yai ndani ya rejeta yenye moto, linaiva, linaziba tundu, na mteja anaondoka anacheka. Kumbe yai halichagui tundu. Linaziba na vinjia vyote vya kupozea. Themostati nayo hung'olewa eti nchi za joto haziihitaji. Upuuzi mtupu! Tatizo la gari hili lilikuwa mpira mmoja tu uliochanika, wa kubadilishwa mteja akisubiri kwenye benchi. Sasa injini nzima imepikwa.

Na ingekuwa injini peke yake, afadhali. Mke wa mwenye gari husafishwa damu kwa mashine ya figo hospitalini kila Jumatatu na Alhamisi. Jana, Jumatatu, gari lilizimika njiani yeye akiwa kiti cha nyuma.

"Miguu imevimba, anahema, magari yanatupita tu," anasimulia mumewe. "Tulipofika zamu yake ilishapita. Walimpokea kwa kuombwaombwa tu."

Hapo Shangazi anashindwa kuvumilia. "Wewe! Hebu njoo hapa!"

Mdogo wake anatoka chini ya gari jingine, mtu mzima na ndevu zake.

"Dada, mbona mafundi wote wanafanya hivyo..."

"Baba alifanya? Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Mteja alikuwa na haraka."

"Alikuwa na haraka kwa sababu ana mgonjwa! Wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

Mdogo wake anafuta mikono ambayo tayari ameshaifuta.

Akizungumza na mwandishi huyu, Shangazi hafichi aibu yake. "Miaka yote nawasema mafundi wa mtaa huu na mayai yao, kumbe trei zima liko kwangu! Inaniuma. Ningeharibikiwa mimi, sawa. Mgonjwa wa watu ana kosa gani?"

Hedi itafunguliwa na kusawazishwa, rejeta itabadilishwa, vyote kwa gharama ya gereji. Rejeta ya zamani anapanga kuipasua mbele ya mafundi wote wa jirani, waone kilichomo. Lakini kazi haiwezi kwisha kabla ya Alhamisi, na figo hazisubiri gereji.

Anatoa mfukoni funguo za gari lake mwenyewe, anamkabidhi mdogo wake.

"Alhamisi unampeleka mama wa watu hospitali. Unamsubiri mpaka amalize, unamrudisha kwake. Na njiani unamweleza ulichofanya."

"Dada, nitamwambiaje?"

"Kama ulivyomwambia mumewe kwamba gari limepona. Usibadilishe hata sauti."