Minofu Mibaya ya Paskazia

Mimi asiniambie mtu kwamba Paskazia ni mwema. Najua. Wema wake ndio umeniweka hapa kando ya barabara Igogo, nauza nyanya za mafungu.

Miaka kumi na saba alisimama kwenye meza ya taa ya kiwanda cha samaki, akikagua minofu ya sangara: damu, miba, minyoo. Aliuinua mnofu kwenye mwanga mara moja tu, basi, ameshajua. Mimi, Dorotea, kazi nilifundishwa naye. Tulikuwa wanawake wanane, yeye ndiye mkubwa wetu, na kila asubuhi nilimwamkia kabla sijavaa buti.

Mwaka jana ikaletwa kamera. Ikafungwa juu ya mkanda unaopitisha minofu, akaja kijana anaitwa Rahim kutoka Dar kuipangia ukaguzi. Akamwambia Paskazia kwa heshima zote, "Mama, naomba minofu mia mizuri na mia mibaya. Kamera itajifunza kwa macho yako." Meneja wetu, Nathaniel, akaongeza kwamba mashine ikikaa sawa, Paskazia atabaki kuisimamia. Sisi wengine hakututaja.

Sasa sikia alichofanya. Paskazia amelelewa Magu, na kwao mgeni haonyeshwi kitu cha aibu. Asubuhi akaichambua ile mibovu kweli, iliyovilia damu na kugeuka rangi, akaitupa. Akampelekea mgeni "mibaya" yenye kidoa kama punje ya ulezi! "Nimwonyeshe uozo mtoto wa watu? Atasema Mwanza tunakula nini?" Rahim angejuaje? Akaweka kipimo cha kukataa kwenye kidoa hicho hicho.

Loo! Siku ya kwanza kamera ilikataa nusu ya samaki. Minofu safi kabisa inasukumwa pembeni, taa nyekundu haipumziki. Ikabidi sisi wanane tusimame pale, tuokote iliyokataliwa, tuikague upya kwa macho yetu. Wiki tatu! Nathaniel anafoka, Rahim anakonda, na sisi tuna kazi. Mimi ndiye niliyeng'amua kosa lilipo. Nikamvuta Paskazia kwenye mabomba ya kunawia, nikamwambia, "Mama, nyamaza hivyo hivyo. Hilo kosa lako ndilo linalotulisha."

Akanyamaza siku nne. Ya tano Nathaniel akamtukana Rahim mbele yetu sote, akamwambia afungashe vyake. Kijana akaenda kusimama nyuma ya mapipa ya barafu, analia. Paskazia akanitazama. Nikamtikisia kichwa: usithubutu. Akanipita kana kwamba sipo, akarudi na beseni la minofu mibovu kuliko yote, akaliweka miguuni pa yule kijana.

"Baba, nilikuonea haya," akasema. "Mibaya ni hii."

Rahim akaipitisha yote chini ya kamera, akakaa kwenye kompyuta, akabadilisha vipimo. Kufika saa nane mchana kamera ilikuwa inachambua kama Paskazia mwenyewe. Tukasimama pale mikono mitupu, hakuna cha kuokota.

Ijumaa zikatoka barua nane. Nane! Ya kwanza ilikuwa yake. Nathaniel alisema mashine imekaa sawa mno, haihitaji mtu wa kuisimamia. Asante ya punda mateke. Rahim alikuwa ameshapanda ndege kurudi Dar, hata kwaheri hakuaga.

Getini nikampita Paskazia bila kumwamkia. Nilikuwa nawaza watoto wangu watatu. Tangu siku ile, nikimwona anakuja nageukia nyanya zangu. Miezi mitano sasa.

Jana amekuja hadi mezani kwangu. Nikajifanya napanga mafungu. Akasimama. Akasubiri. Halafu mwanamke huyu, mwenye umri wa mama yangu mzazi, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, Dorotea."