Jina Lililokosa wa Kulibeba

Katika boma la mzee Ratemo, nyuma ya soko la Keumbu, kulikuwa na jina ambalo hakuna aliyeliita. Wajukuu kumi na mmoja walibeba majina ya marehemu wa ukoo, kama desturi yetu ilivyo. Nyangate pekee alikosa wa kumbeba. Baba huyo wa Ratemo alikwenda Tanganyika kukata mkonge, mwanawe akiwa bado mgongoni kwa mama, na hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Nani angethubutu kumpa mtoto jina la mtu ambaye huenda yu hai?

Mwaka jana Kemuma, mkaza mwana wa mzee, alijifungua mvulana.

“Nataka nimwite kwa jina la baba yangu,” Ratemo alimwambia bintiye Bitutu, fundi cherehani. “Masikio yangu yangali yanasikia.”

“Tata, nipe wiki moja nitafute alikoishia.”

Bitutu aliacha sare za shule mezani, akaenda kwa Lorna, mwenye duka la kompyuta. Waliandika Nyangate. Wakatokea mamia: madiwani, walimu, wanariadha.

Lorna akacheka. “Mathe, hawa wako hai wote. Huyu hata anauza magari.”

“Kila mmoja amepewa la babu yake,” Bitutu akasema. “Tunamtafuta maiti, tunaletewa wajukuu.”

Siku tatu walizunguka hapo. Ya nne, Bitutu aliomba waliache jina, watafute mahali. Mzee alikumbuka neno moja la mamake: Muheza. Waliandika Muheza, mkonge, makaburi. Kanisa dogo la huko lilikuwa limeweka mtandaoni daftari lake la maziko. Ukurasa wa tisa: Nyangate wa Osoro, Mkisii, mkata mkonge, homa, 1951.

Osoro ndiye aliyemzaa Nyangate. Bitutu alisoma mstari ule mpaka macho yakamwuma. Mtu asiyemjua alikuwa ameketi mahali, jina baada ya jina, akinakili wafu wasio wake. Alimwandikia kanisani kumshukuru. Lorna naye, Bitutu alimpelekea mkungu mzima wa ndizi.

Ratemo alisomewa mstari ule. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto.

“Nyangate,” akasema. “Umechelewa sana, baba.”

Mzee alizikwa mwezi wa Aprili. Bitutu bado anashona sare sokoni Keumbu, na Jumapili huwa kwa Kemuma, akimbeba Nyangate.