Alama ya Chokaa Kwenye Dirisha la Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu haujaachana na miti. Fundi vioo amesimama sebuleni mwa nyumba aliyoijenga mwenyewe katikati ya msitu, kidole chake kikidondosha chokaa. Madirisha kumi na mawili yanapanda mpaka darini. Kumi na moja yana alama kubwa ya X. La kumi na mbili, linalotazama miti, ni safi kabisa.

“Jana nililichora,” anajisemea kwa sauti ya chini. “Na juzi. Leo ni mara ya saba.”

Mafundi wa kazi hii huchora alama hiyo kwenye kila kioo kipya, mtu asije akakigonga kwa uso. Na wana mwiko wao: fundi haifuti. Huifuta mwenye nyumba, siku anayoipokea nyumba.

Alama ya dirisha hili hufutwa kwa ndani. Mlango ni mmoja tu, na ufunguo wake fundi hulala nao shingoni, kwenye kibanda cha vifaa nje.

Mjini wenzake humwita Silikoni, kwa ile gundi isiyomtoka kuchani. Miaka ishirini na miwili amening’inia kwenye maghorofa akiwafungia wengine vioo vya kutazamia mandhari. Chumba alichopanga yeye na familia yake kina dirisha moja, linalotazama ukuta wa jirani.

“Ukinyoosha mkono unaugusa,” huwaambia wenzake. “Binti yangu hajui kama mvua inanyesha mpaka aisikie kwenye bati.”

Mkewe, fundi cherehani, aliukubali msitu kwa sharti moja: “Nitakuja kuiona nyumba mara moja. Nikiogopa, tunauza.”

Leo ndiyo siku yenyewe. Fundi anachora X, ananawa mikono, anasubiri.

Saa nne mkewe anafika, viatu mkononi, tope mpaka vifundoni.

“Baba watoto, umenileta kuishi na nyani?”

“Nyani wamehama, mama. Wamesikia unakuja.”

Mkewe anaangua kicheko. Kicheko kinazunguka vyumba vitupu, na kinachelewa kidogo kurudi.

Anapita dirisha hadi dirisha, akipapasa vioo kama anayechagua kitambaa dukani. Kwenye la mwisho anasimama.

“Hii chokaa mbona mbichi? Zile nyingine zimeshika vumbi.”

Fundi anasogea karibu naye. Angeweza kusingizia umande.

“Inafutwa,” anasema. “Na si mimi.” Anamweleza yote, mpaka habari ya ufunguo.

Mkewe anakitazama kioo. Nje, ndege wamenyamaza. Kisha ananyoosha mkono, anagonga kioo mara tatu.

“Hodi.”

Hakuna anayeitikia. Anarudi nyuma hatua mbili. Katikati ya kioo, kwa ndani, unatokea mduara mdogo wa mvuke, kama wa pumzi. Unakaa kidogo, unayeyuka.

“Tuuze?” anauliza fundi.

“Anayefuta kioo anataka mwanga,” anajibu mkewe polepole. “Kama sisi. Mtu wa hivyo hawezi kuwa mbaya.”

“Au anataka kutuona vizuri.”

“Basi na atuone. Kule mjini nani alituona?”

Anavua kitambaa cha kichwani, anakilowesha, anaanza kufuta. La kwanza, la pili, mpaka la kumi na moja. Chumba kinajaa kijani cha miti. Hapo anakikamua kitambaa.

“Na hilo?” anauliza mumewe.

“Hilo lina mwenyewe.”

Watahamia shule zikifunga. Chumba cha binti kitakuwa kile cha mashariki, na dirisha la kumi na mbili halitawekewa pazia. Fundi hatalichora tena.

Wanafunga mlango. Hatua chache tu kutoka kizingitini, mke anageuka kutazama nyuma, anamshika mumewe mkono.

Madirisha yote kumi na mawili ni safi.

“Haya, baba watoto,” anasema, bila kuuachia mkono wa mumewe. “Tumekaribishwa.”