Supu ya pweza mgongoni kwa mshika kibendera

Sijawahi kumwambia mtu hili: nikimaliza shule, nataka kuwa refa.

Ndiyo maana leo, uwanjani Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, nilikaa karibu kabisa na kamba ya kuzuia watazamaji nimtazame mshika kibendera. Ni dada. Sijapata kumwona mwanamke akiifanya kazi hiyo hapa kwetu.

Nyuma yangu mjomba na wenzake walikuwa wanabishana kuhusu kupanua uwanja.

"Wajenge jukwaa upande wote huu," mjomba alisema, kikombe cha supu ya pweza mkononi. "Hata timu za Dar zitavuka. Watu wa Mafia wastaarabu, bwana!"

Mara tukafunga goli. Yule dada akanyanyua kibendera.

(Mchezaji wetu aliotea kweli. Niliona.)

Mjomba akammwagia supu yote mgongoni.

Nashukuru ilikuwa imeshapoa. Kipande cha pweza kilinasa kwenye kola yake, na watu wakacheka!

"Muongezee pilipili!" mmoja akapiga kelele.

Dada hakugeuka. Kibendera kilibaki juu.

Na mjomba? Alikaa akaendelea: "Sasa, hilo jukwaa..."

Jukwaa la nini, mjomba? La kumwagia watu supu? Nilisikia kinyaa. Nyie mngefanyaje?

Refa aliposimamisha mchezo, niliomba ndoo ya maji kwa muuza pweza, nikavuka kamba, nikamsafisha dada mgongo. Kisha nikasimama nyuma yake, nimewaelekea watu wote, mjomba akiwamo, mpaka filimbi ya mwisho.